Kabla ya kuilaani ngozi iliyo mguuni mwa furukombe

Picha ya ndege aliyefungwa mguu haihitaji maelezo. Ikitua kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Kirumba au Nyegezi, hapa Mwanza, mwewe amesimama juu ya kigogo na kamba mguuni, hukumu hutoka kabla mtu hajauliza ile kamba ni ya nini na imefungwa namna gani. Hasira hiyo ina msingi. Kamba nyingi tunazoziona miguuni mwa ndege huku kando ya Ziwa Victoria ni ukatili mtupu: kipande cha timba, zile nyavu za uzi wa plastiki zilizopigwa marufuku, ambacho mtoto amekiokota mwaloni, pale wanapotua wavuvi, akamfungia mwewe mgonjwa. Uzi huo hauozi. Kila ndege anapojaribu kuruka unazama kwenye ngozi, mguu unavimba, damu inakosa njia, na vidole vinaanza kufa.

Mimi nazungumzia kamba ya aina nyingine. Wapo ndege wawindaji wanaookotwa wakiwa na bawa lililoteguka au wamejinasa kwenye nyavu, wakapelekwa kwa wenye kibali cha kuwatunza. Mjadala uliopo kati ya wanaojali ndege hao ni huu: je, wavalishwe bangili na mikanda ya ngozi kama wanavyofanya wafugaji wa kozi, yaani wanaofundisha ndege wawindaji kuwinda, ili wafundishwe kuruka upya, au wakae bandani miguu mitupu mpaka siku ya kuachiwa? Habari ya mtu kujifugia mwewe nyumbani haimo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 imeshalimaliza hilo: mnyamapori ni mali ya umma, na anayemshikilia bila kibali ana kosa, hata kama anampenda vipi.

Wanaotaka miguu mitupu si watu wa kubezwa. Wanasema ndege wa porini akifungwa hujirusha, huning'inia, hujirusha tena, na mfadhaiko huo humshushia kinga ya mwili. Ni kweli. Ndege wawindaji waliofungiwa hupata kirahisi ugonjwa wa ukungu wa mapafu na vifuko vya hewa, na mfadhaiko ni mlango wake mmoja. Wanasema pia kwamba mikanda hiyo inazoeza: ndege aliyelishwa juu ya glovu ya mtunzaji kwa wiki nyingi hamwogopi tena binadamu, na furukombe, yule tai mla samaki wa ziwani, asiyeogopa watu hatadumu kwenye mwalo wenye mawe na vijana. Halafu kuna hoja ya kuiga. Mtoto akiona mtaalamu kamfunga ndege, atamfunga wake. Hatakuwa na ngozi, atatumia timba.

Hoja zote tatu nazikubali kwa kiasi. Shida yangu ni kwamba huwa zinaishia hapo, kana kwamba banda ni uhuru.

Tuliangalie basi hilo banda. Furukombe jike hufika kilo 3 na zaidi, na mabawa yake yakitandazwa hupita mita 2. Ndege wa namna hiyo hawezi kurudisha nguvu za kifua kwa kurukaruka kutoka kijiti hadi kijiti. Miongozo ya watunzaji wa ndege majeruhi nchini Marekani inataka tai apewe banda la kurukia lenye urefu wa takriban mita 30, upana wa mita 6 na kimo kisichopungua sana hapo. Mita 30! Hebu fikiria mbao, nguzo na wavu wa kujengea kitu kama hicho Ilemela, na kiwanja chenyewe, halafu uniambie nani analipa. Bila hela hiyo, kinachojengwa ni kizimba cha waya wa kuku. Ndani yake ndege anajigonga, ngozi laini juu ya mdomo inachubuka, manyoya ya mkia na ya bawa yanavunjika. Unyoya uliovunjika hauponi. Unakaa vilevile mpaka ndege ajipukutishe, na kwa tai zoezi hilo huchukua zaidi ya mwaka. Kumwachia ndege wa hivyo ni kumsukuma mtu ziwani na kasia lililovunjika. Watu wanapiga picha, wanashangilia, na baada ya siku kadhaa ndege yuko chini ya mti, njaa imemmaliza.

Njia ya wafuga kozi inapita mlango mwingine. Ndege anavalishwa bangili ya ngozi kila mguu, anafungwa kwenye kigogo kifupi asikoweza kugonga waya, anapimwa uzito kila siku, kisha anarushwa kwenye uwanja wazi akiwa na kamba nyepesi ndefu: leo mita chache, wiki ijayo mita nyingi zaidi, mpaka pumzi na misuli irudi. Ujuzi huu ni wa karne nyingi, na UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2010. Jambo linalosahauliwa ni kwamba umewarudisha ndege porini. Kisiwani Morisi, mwaka 1974, walibaki kozi wadogo wanne tu wanaojulikana wa aina ya huko. Waliookoa kizazi chao waliazima mengi kutoka kwa wafuga kozi, kuanzia namna ya kuwashika hadi namna ya kuachia makinda kidogo kidogo.

Kwa hiyo swali la maana kwangu ni ngozi gani, na imekatwaje. Hapa ndipo nawalaumu hata wale ninaowatetea, kwa sababu wengi wao hufunga ovyo.

Zamani mkanda wa mguu ulikuwa kipande kimoja: unazungushwa mguuni, unapitishwa ndani ya mpasuo wake wenyewe, na kuachwa mkia wenye mpasuo mwingine mwishoni wa kushikia kiungo cha chuma kinachozunguka, ambacho kazi yake ni kuzuia kamba isijisokote. Mkanda huo hautoki mpaka ukatwe. Karne ya 20 mfuga kozi Guy Aylmer alibuni mtindo ambao mpaka leo huitwa Aylmeri. Bangili inabaki mguuni ikiwa na ringi ya shaba, mfano wa zile zinazopigwa kwenye maturubai, na mkanda unapitishwa kwenye ringi ukiwa na kifundo nyuma yake. Ukitaka unauchomoa bila kugusa mguu.

Faida yake watu huiona kuwa ni urahisi wa kubadilisha. Uzito wa jambo uko kwenye ule mpasuo wa mwisho. Mkanda wa kigogoni lazima uwe na mpasuo, la sivyo huwezi kuufunga. Lakini kamba ikikatika na ndege akatoroka na mkanda wenye mpasuo, au mbaya zaidi na kiungo cha chuma kikiwa bado kinaunganisha mikanda yote miwili, siku yoyote atatua mtini, kijiti kitaingia kwenye mpasuo, na akiruka atabaki ananing'inia kichwa chini. Hatoki hapo. Ndege wangapi duniani wamekufa hivyo hakuna aliyehesabu, kwa kuwa hufia mahali pasipo na mtu. Na mti wa kutua huku haukosekani: mikuyu ya kando ya ziwa, michongoma, mimea ya miba juu ya mawe ya Sweya na Luchelele. Mpasuo wa sentimita 2 unafuta miezi ya kazi. Kanuni, kwa hiyo, ni nyepesi na haina mjadala: wakati wa kurusha, mikanda yenye mpasuo ichomolewe, iwekwe laini isiyo na tundu wala kifundo mwishoni, na kamba ya mazoezi ifungwe kwa namna ambayo ikikatika haibaki na kitanzi. Mtindo wa kale haukuruhusu hilo. Huu unaruhusu, na anayeendelea kufunga mkanda wa kipande kimoja kwa ndege anayetarajiwa kurudi porini hana udhuru.

Bangili yenyewe inahitaji jicho. Iweze kuzunguka mguuni bila kukwama na kupanda kushuka kidogo, ila isiteleze ikavuka vidole. Ikibana, mguu unavimba. Ikilegea sana, ndege anaingiza ukucha wa kidole cha nyuma au ncha ya mdomo anapoitafuna, naye ananaswa na mwili wake mwenyewe. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa ndege hawa karibu wote, kwa hiyo kipimo cha jike ukimvalisha dume wa kilo 2 na kidogo, itamvuka. Hakuna bangili ya "saizi ya furukombe". Pima mguu ulio mbele yako.

Ughaibuni husifiwa ngozi ya kangaruu kwa wembamba na uimara wake. Sisi tuna mbuzi. Ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa vizuri, ikachongwa kingo zisiwe kali, inamtosha mwewe. Kwa tai tafuta nene kidogo. Ngozi nene ya ng'ombe ya kushonea soli iache huko huko kwa fundi. Adui wetu mkubwa ni maji. Furukombe ni mtu wa kulowesha miguu, na ngozi iliyolowa ikakauka juani hukakamaa, kingo zikawa kisu. Ipakwe mafuta mara kwa mara na miguu yote miwili ikaguliwe kila siku. Kuna wanaopendelea mkanda wa nailoni wa mabegi kwa kuwa hauozi. Mimi hiyo ndiyo sababu ya kuukataa: ndege akitoroka na bangili, ngozi itachakaa na kudondoka siku moja, nailoni itabaki naye.

Kumvalisha ni kazi ya watu wawili. Mmoja anamfunika kwa kanga kichwa na mabawa, miguu ikiwa imeshikwa kwanza, wala asimkandamize kifua, maana ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Mfupa wa kifua usipotembea, hapumui. Mikanda iwe na urefu sawa ili kishindo kigawanywe miguu yote. Na kamba ya kigogoni iwe fupi. Mwenye huruma hutaka kumwachia ndege nafasi, akampa mita 2 za kukimbilia, kumbe anamwandalia kuvunjika: ndege mzito akishapata kasi, kikomo cha kamba kinaishia kwenye mfupa wa mguu.

Kuna ndege ambao nisingewagusa kwa ngozi kabisa. Aliyepata mshtuko tu, anayehitaji siku mbili tatu za giza na utulivu ndani ya boksi, avalishwe bangili ya nini? Kinda asiyejua bado yeye ni ndege gani, akilelewa juu ya glovu, ataharibika akili. Huyo akae mbali na sura za watu. Na marabu wanaozurura sokoni Kirumba wasivalishwe chochote mguuni, hata pete ya utafiti. Korongo hao hujinyea miguuni ili wapoe. Tumbusi wa Amerika wana tabia hiyo hiyo, na watafiti wa huko waliacha kuwavalisha pete za miguu kwa sababu kinyesi kiliganda ndani ya pete na kuubana mguu. Sasa huwawekea alama kwenye bawa.

Kwa furukombe mkubwa aliyekomaa, hoja ya woga wa binadamu ina upande ambao wapinzani wa ngozi hawautaji, ingawa ungewasaidia. Furukombe huishi wawili wawili na hulinda kipande chao cha ufuko. Huwezi kumtoa Igombe ukamwachie Rubondo kwa kuwa kule ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na hakuna uvuvi wa biashara. Rubondo imejaa furukombe wenye mipaka yao, atapigwa. Lazima arudi alikotoka, yaani kwenye mitumbwi, nyavu na watu, ambako woga ndio kinga yake, na akichelewa sana huenda akakuta mwenzake ameshapata mwingine. Kila wiki anayokaa ni hasara kwake. Mtunzaji mwenye banda la mita 30 amwache humo aruke mwenyewe, sina neno. Mwenye kizimba cha waya tu, akiishika kamba vizuri, atamjua ndege aliye tayari kwa kumwona akipanda upepo mara kadhaa mfululizo bila kuhema mdomo wazi. Siku hiyo bangili zikatwe zote mbili, hapo hapo uwanjani.