Usimwite Mbwa, Ana Jina

Mimi nimepiga harusi, kipaimara, misiba, na pasipoti saizi za watu wasiojua kufunga mdomo. Mteja wa miguu minne sikuwahi kumpata mpaka Jumamosi.

Mama mmoja wa Capri Point, hapa Mwanza, kanipigia: "Kaka, nataka picha za Bosco pale Jiwe la Bismarck." Nikajua mwanawe. Nikamwambia aje saa kumi na moja jioni, jua likishuka mwanga unakuwa laini. Kaja saa saba mchana, jua la utosi, na jibwa jeusi tii kama sufuria ya mama ntilie.

"Kumbe mbwa?"

Akanikata jicho. "Usimwite mbwa. Ana jina."

Haya, Bosco. Mbwa hatoi jasho kama sisi, joto jingi analitolea mdomoni, na ulimi ulimning'inia kama tai ya mwenyekiti wa kamati ya harusi. Nikampeleka kivulini. Sasa kamera ikiona weusi mtupu inadhani ni giza, inajitutumua kuangaza, Bosco anatoka kijivu kama amelala kwenye majivu. Nikashusha mwanga, macho yakapotea! Na mbwa mweusi asipokuwa na nukta ya mwanga machoni ni gunia la mkaa lenye masikio. Ikabidi nimgeuze atazame ziwani, kule kweupe.

Halafu macho yenyewe yako usawa wa magoti yangu. Ukimpiga umesimama, anatoka kichwa kikubwa, miguu ya kuku. Basi mimi, baba wa watoto watatu, shati limepigwa pasi, nikalala kifudifudi kwenye nyasi, na abiria wa kivuko cha Kamanga wanapita. Mzee mmoja akainama: "Kijana, umedondosha nini?"

Bosco hana habari na mimi, anamkodolea korongo. Nikapiga mluzi, wapi. Nikalia kama mbuzi. Hapo akageuka, masikio juu, safi kabisa! Tatizo mbuzi yule aliwageuza na abiria, nyuma ya Bosco kuna watu kumi wamenitolea macho.

Bismarck mwenyewe, yule Chansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Mwanza, ila majibwa makubwa alifuga. Sijui nani alilala kifudifudi kuyapiga picha.

Mara akapita dada na ndoo ya dagaa. Bosco huyo! Kijana wa kazi kaburutwa na mnyororo, kandambili moja imebaki. Bahati nilikuwa nimeweka spidi ya kamera ya moja kwa elfu moja ya sekunde: miguu yote minne hewani, mate yameganda kama shanga, jiwe nyuma. Ndiyo picha mama aliyoipenda, kijana nikamfuta usiku kwenye kompyuta.

"Elfu hamsini, mama."

Akashika kifua. "Elfu hamsini! Kaka, si mbwa tu huyu?"