Kuacha kazi Dar mkafungue loji Lushoto na washkaji: inawezekana, ila sio wote kwa mpigo

Hili wazo limewaingia watu wengi wa rika letu. Washkaji wanne waliosoma pamoja, wote wana kazi nzuri Dar, foleni imewachosha, wanapanda Lushoto wikiendi moja wanakutana na ubaridi, matunda damu yanauzwa barabarani, wanaenda kusimama Irente wanaangalia bonde lote la chini, usiku wakiwa wanaota moto mmoja anasema hivi kwanini tusitafute kiwanja huku tujenge vyumba vichache tuhamie kabisa. Wakirudi mjini group la WhatsApp linafunguliwa na michango inaanza.

Wapo wanaosema huo ni utoto, mimi sikubaliani nao. Soko lipo. Lushoto iko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na joto la Dar la Januari na Februari kila mtu analijua. Lami inapanda kutoka Mombo kupitia Soni, msitu wa Magamba upo, njia za kutembea kwa miguu mpaka Mtae zipo. Halafu sio sehemu ya kumtegemea mzungu peke yake. Mwaka 2020 watalii waliokuja Tanzania walishuka mpaka kama laki 6 na elfu 20 kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia, na sehemu inayopokea pia familia za Dar na Tanga, semina na vikao vya ofisi ina pa kushikia mambo yakiwa hivyo. Na kuungana kuna maana kubwa, watu wanne wakichanga akiba zao hawahitaji kukimbilia mkopo wa benki wenye riba inayozunguka asilimia 15, halafu mmoja ni mhasibu, mwingine anajua ujenzi, mwingine mapishi, huyo mhasibu peke yake mngemuajiri ni hela nyingi.

Tatizo linaanzia kwenye hesabu. Chukua loji ya vyumba 8, kila kimoja elfu 70 kwa usiku. Kwa mwezi una nafasi 240 za kuuza, ukiuza theluthi, yaani 80, umeingiza milioni 5 na laki 6. Hapo hujalipa wahudumu, mlinzi na mpishi, hujalipa NSSF yao, umeme, chai ya asubuhi, kodi, wala kamisheni ya mitandao ya buking ambayo mara nyingi ni kama asilimia 15. Tuseme mmebakiwa na milioni 2, gawanya kwa wanne, laki 5 kila mtu, na kila mmoja alikuwa na mshahara wa milioni kadhaa pamoja na bima ya familia. Na huo ni mwezi wa kawaida, masika yakikolea Aprili udongo ukaporomoka kule kwenye kona za Soni wageni wanaahirisha wote. Tena mtu asitegemee mafao ya NSSF yamvushe, tangu sheria zibadilishwe 2018 lile fao la kujitoa halipo tena, na fao la kukosa ajira ni la aliyeachishwa, sio aliyeandika barua mwenyewe.

Kingine ni kazi yenyewe. Mtu aliyezoea kwenda kama mgeni anadhani kazi ni kukaribisha watu na kupiga stori, kumbe kazi kubwa ni shuka na maji ya moto. Juni na Julai kule ni ukungu, shuka zilizoanikwa asubuhi jioni ukizishika bado zina unyevunyevu, na wageni wa kesho wanafika mchana. Umeme ukikatika alfajiri lazima mtu aamke awashe kuni apashe maji kabla wageni hawajatoka kwenda kutembea. Nani anaamka? Wiki ya kwanza wote, baada ya miezi michache ni yule yule mmoja, na yeye anaanza kuhesabu kimoyomoyo, huku aliyechanga hela nyingi naye anahesabu zake. Na wenza wao hawakuwepo kwenye lile group, ila shule ya mtoto inawahusu.

Ndio maana naona wanaokosea ni wale wanaoacha kazi wote siku moja. Loji ya ukubwa huo inaweza kulisha mtu mmoja, labda wawili. Aende yule anayeipenda kweli kazi ya wageni, alipwe mshahara ulioandikwa kama meneja mwingine yeyote, wengine wabaki na ajira zao wawe wenye hisa tu. Sajilini kampuni BRELA, maana mkiwa kwenye ubia wa kawaida deni la biashara linaweza kumfuata kila mmoja wenu mpaka kwenye mali yake binafsi. Hati ya ardhi iwe ya kampuni, isiwe ya mmoja wenu kwa sababu tu yeye ndiye mwenyeji na ukoo wake ndio waliouza.

Na akitaka kutoka mtu? Hili liandikwe kabla ya kuchimba msingi, maana siku hiyo majengo yatakuwepo, shamba litakuwepo, lakini kwenye akaunti hamna hela ya kumrudishia mtaji wake wote kwa mkupuo. Mkubaliane nani atathamini hisa zake, alipwe kwa awamu ndani ya miaka mitatu hivi, na nyie mnaobaki muwe na haki ya kununua kwanza kabla hajamuuzia mtu wa nje.