Nyumba Iliyopanda Ngomo Kinyumenyume

Shemeji yangu wa Ubelgiji aliponiambia amenitumia gari, nilishukuru kwanza, ndipo nikauliza ni gari gani. Kosa langu hilo. Miezi mitatu baadaye, kwenye uwanja mmoja pale Uvira, mashariki mwa Kongo, nikaoneshwa nyumba yenye magurudumu manne: kitanda cha watu wawili huko nyuma, jiko la gesi, choo, na mapazia ya maua. Mpango wa shemeji ulikuwa tung'oe vyote, tutie viti, tubebe abiria. "Ni basi dogo tu," aliniambia kwenye simu, "ila wameliwekea vyombo."

Mwenye akili akitoka Uvira kwenda Bukavu huvukia Kamanyola, akapita Rwanda kwenye lami, akaingilia mpaka wa Ruzizi. Njia hiyo inataka karatasi kamili, na za kwetu zilikuwa bado zinatafutwa. Ikabaki barabara ya mlima wa Ngomo.

Kwa asiyeijua Ngomo: Ziwa Tanganyika, pale Uvira, liko karibu mita 770 juu ya bahari, Bukavu kama mita 1,500, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo barabara ya taifa namba 5 imeamua kuimaliza mahali pamoja. Upande mmoja mlima, upande mwingine hewa. Lori likikosa breki pale halitafuti pa kugonga, linatafuta pa kutua.

Mimi si mgeni wa usukani. Nimeendesha taksi Nyawera na Panzi, mitaa ya Bukavu, miaka 11. Lakini taksi zetu nyingi usukani uko kulia, gia unaikuta kwa mkono wa kushoto. Hii ya Ubelgiji usukani kushoto. Basi kila nikitaka kubadili gia mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukapiga mlango. Kufika Sange nilikuwa nimeshusha kioo mara sita bila kukusudia.

Halafu kulikuwa na mama mkwe. Alikuwa Uvira kwenye biashara zake, akasikia gari ya mkwe wake inapanda. Huwezi kukataa. Alikuja na magunia matatu ya mchele, bidoni mbili za mawese na gunia la ndagala, tukavisukuma vyote chini ya kitanda. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja tu kando yangu, bega kwa bega, na mtu hakai hivyo na mama mkwe wake. Nikampa kijana wangu wa mizigo. Mama akapanda nyuma, akavua viatu mlangoni kama aliyefika kwa watu, akapanda kitandani.

Kwenye bariyeri jamaa alizunguka gari mara mbili, akachungulia dirishani, akamwona mama mkwe amelala.

"Papa, hii iko gari ao nyumba?"

"Gari."

"Gari iko na mama ndani ya kitanda?"

Akaita mwenzake. Wakajadiliana kama tulipe ya lori au ya basi. Wa tatu akaomba aoneshwe choo, kwa upelelezi tu, akakaa humo muda ambao upelelezi hauhitaji. Tukalipa ya lori.

Mvua ilitukuta tukiwa tumeshaanza kupanda. Kila shimo lilifungua makabati: kijiko kikanigonga kisogoni, sufuria ikapita katikati yetu kama mtu anayewahi kushuka. Kwenye kona ya pili ya kujikunja, matairi ya mbele yakaanza kuzunguka bure. Naongeza mafuta, yanalia. Naongeza tena, harufu ya klachi inapanda mpaka puani. Gari ikaanza kurudi, taratibu, kama inayokumbuka imesahau kitu Uvira.

"Gogo! Tia gogo!"

Kijana akaruka, gogo likashika, tukasimama. Nyuma ya gogo kulikuwa na tope lenye upana wa mikeka miwili, halafu mawingu. Nikamwomba mama ashuke. Akajibu kupitia pazia kwamba kikwembe chake ni kipya, na kama Nyamuzinda, yaani Mungu, anamtaka leo, atamkuta kitandani.

Nyuma yetu akasimama mzee mmoja wa Fuso. Akainama, akaangalia chini ya gari, kisha chini ya kitanda.

"Mwanangu, injini inavutia mbele ao nyuma?"

"Mbele, muzee."

"Na mizigo umeiweka wapi?"

Sikujibu. Mchele, mawese, ndagala na mama mkwe, wote nyuma. Miguu ya mbele, ndiyo inayovuta, ilikuwa inagusa ardhi kwa heshima tu.

"Geuza," akasema. "Panda kinyumenyume. Uzito utaangukia tairi zinazovuta."

Nilidhani ananicheka. Wenzake walikuwa wananicheka, yeye hapana. Tukateremka polepole hadi kona iliyo pana, tukageuza kwa hatua kama 20, na nyumba ikaanza kupanda Ngomo ikitanguliza kitanda.

Na ilipanda! Shida ni kwamba mimi nilikuwa natazama Kamanyola, kule chini tulikotoka. Aliyekuwa anaiona njia ni mama mkwe peke yake, amepiga magoti kitandani, pua kwenye kioo cha nyuma.

"Kulia, Papa Neema! Kulia!"

Nikaenda kulia. Akapiga yowe. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu, tunatazama pande tofauti. Tukabishana, kwa adabu zote za mkwe na mama mkwe, huku tairi moja ikionja ukingo, mpaka yeye akapata lugha: "Mlima!" maana yake sogea mlimani. "Shimo!" maana yake toka huko haraka. Kijana alitembea kando na gogo lake, na mara ya kwanza tuliposimama akaliweka nyuma ya tairi kama alivyozoea, yaani juu, tusije tukatorokea kileleni.

Bidoni moja ilipasuka karibu na mwisho. Mawese yakatiririka sakafuni yakanifikia kwenye pedali, na kipande cha mwisho nilikipanda peku, viatu nimevitupa.

Juu mzee wa Fuso alipiga honi ndefu. Mama mkwe akashuka, kikwembe kipya chekundu hadi magotini, akavaa viatu vyake mlangoni.

Shemeji alipopiga simu kuuliza kama gari imefika, nilimjibu imefika.

Siku hizi kitanda kimetoka, viti vimeingia. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kituoni, anakwenda Uvira. Nikamwambia kijana ampishe kiti cha mbele, mimi nitatafuta dereva mwingine.

"Hapana, Papa Neema," akasema, "mbele napajua mwenyewe."

Akapita abiria wote, akaenda kukaa kiti cha mwisho, kwenye kioo cha nyuma.