Spiriti ndani ya sabuni ya maji: inasaidia au inaharibu?

Watengenezaji wa sabuni ya maji hawakubaliani kuhusu spiriti, yaani alkoholi iitwayo ethanoli. Wengine huimimina kwenye kila ndoo wakiamini inaongeza nguvu ya kutakatisha. Wengine hawaitaki kabisa kwa kuwa inaua povu. Pande zote mbili zimeona jambo la kweli, ila kwa vipimo tofauti.

Chembe ya safaktanti, yaani kemikali inayotakatisha ndani ya sabuni, ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaoyakimbia. Chembe hizo zikishakuwa nyingi hukusanyika, mikia ndani, vichwa nje. Mikusanyiko hiyo huitwa miseli, na ndiyo inayobeba mafuta ya sufuria. Kwa sodiamu dodesili salfeti, safaktanti mojawapo, miseli huanza kujengeka kwenye takriban gramu 2.4 kwa lita, maji yakiwa na nyuzi joto 25. Ethanoli kidogo hushusha kiwango hicho kidogo. Ukizidisha, kinapanda, kwa sababu mikia haioni tena sababu ya kuyakimbia maji. Ndiyo maana slesi, safaktanti ya kutengenezea sabuni ya maji ambayo Wakenya huiita ungerol, haitoi povu la maana kwenye kitakasa mikono chenye ethanoli asilimia 80.

Sasa piga hesabu ya kwenye beseni. Sabuni ina ethanoli asilimia 5, mwoshaji anatia mililita 10 kwenye lita 5 za maji. Ethanoli iliyofika humo ni nusu mililita, yaani asilimia 0.01. Kiasi hicho hakibadilishi chochote, kwa hiyo dai la kuongeza nguvu ya kuoshea vyombo mimi silikubali. Maji ya kufutia vioo ni habari nyingine: hayo hupulizwa bila kuzimuliwa, na ethanoli hufanya kioo kikauke haraka bila michirizi.

Faida yake halisi iko kiwandani. Slesi nzito ya asilimia 70, ikizimuliwa hadi kati ya asilimia 30 na 60, hugeuka jeli ngumu na kufanya mabonge yasiyokorogeka. Ethanoli huilegeza jeli hiyo. Vilevile sabuni iliyolala kwenye baridi ya Njombe au Limuru ikaamka na ukungu, mara nyingi asilimia 2 au 3 hutosha kuirudishia uangavu.

Hasara yake ni kupunguza uzito wa sabuni, yaani ule ushikaji unaoifanya isiwe majimaji, na hapa ndipo wengi huumia. Chumvi hurefusha miseli zikawa kama nyuzi zinazosokotana, na msokotano huo ndio uzito. Ethanoli huzikata. Chukua mililita 200 za sabuni iliyokwisha kushika, tia kijiko kimoja cha chakula cha spiriti, koroga: ile iliyokuwa inavutika kwenye mwiko sasa inatiririka. Mtengenezaji akiona hivyo hukimbilia kuongeza chumvi, na chumvi ikipita kilele chake uzito huanguka tena, kisha sabuni inachafuka na kujitenga. Ndoo nzima inapotea kwa kosa la kijiko kimoja.

Na alkoholi si moja. Kōzō Shinoda wa Japani alionyesha mwaka 1954 kwamba kadiri mnyororo wa kaboni unavyorefuka, ndivyo alkoholi inavyoshusha zaidi kiwango cha kuanza kwa miseli. Dodekanoli, yenye kaboni 12, hujipanga katikati ya chembe za safaktanti na kulifanya povu lidumu. Wanaosema alkoholi huua povu wanazungumzia alkoholi kama ethanoli, si alkoholi zote.

Ukiamua kuitumia, subiri mchanganyiko upoe kabisa na usiwe karibu na jiko, kwani mvuke wake hushika moto. Itie kabla ya chumvi, kisha ongeza chumvi kidogo kidogo ukipima uzito kila mara. Usikubali metanoli, alkoholi nyingine, hata ikiwa bei ni nusu: ni sumu, na hupenya ngozi ya mikono inayoosha.