Paa la kitambaa na mashine ya mizigo

Msafiri akilisifia paa la uwanja wa ndege kwa lugha ya kishairi, hakosi wa kumcheka. Abiria, wanasema, anataka foleni fupi na begi lifike salama. Hoja ina uzito: jengo la abiria la shirika la ndege la TWA mjini New York, alilobuni msanifu Eero Saarinen na likafunguliwa 1962, lilivuma kwa umbo lake la ndege anayeruka, lakini likazidiwa na ukubwa wa ndege za jeti. Lilifungwa 2001, tangu 2019 ni hoteli.

Ila wanaocheka hudhani teknolojia ni mashine na skrini tu, na paa ni pambo. Wautazame uwanja wa ndege wa Denver, Marekani. Uwanja ule ulifunguliwa Februari 1995, ukiwa umechelewa miezi 16, hasa kwa sababu ya mfumo wa mizigo wa vigari vilivyoongozwa na kompyuta. Kwenye majaribio vigari viligongana na mabegi yakararuka. Hata baada ya ufunguzi mfumo huo ulitumika kwa sehemu tu, na 2005 ukaachwa kabisa. Mabegi yakarudia matela ya kuvutwa na trekta. Miaka kumi! Juu ya ukumbi wa uwanja huo huo limetandazwa paa la kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, limevutwa kwa nyaya za chuma likafanana na vilele vya theluji, na mwanga wa jua hulipenya. Hilo bado lipo. Kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah walikuwa wameshawaezekea mahujaji kitambaa cha aina hiyo tangu 1981. Basi kati ya mhandisi wa vigari na mpenda paa, nani alikuwa akiota?

Kamera za kutambua uso zinapunguza foleni kweli, sibishi. Lakini zinamjua abiria bila kumjulisha chochote. Mwanga ndio unaomwonyesha njia. Pale uwanja wa ndege wa Stansted, Uingereza, uliofunguliwa 1991, msanifu Norman Foster alishusha mabomba na mitambo ya hewa chini ya sakafu ili paa libaki jepesi, na aliyeingia mlangoni aliziona ndege ng'ambo ya pili, bila kuhitaji kibao. Baadaye maduka na vizuizi vya ukaguzi viliuziba mwono huo. Anayelalamika kwamba viwanja vya ndege vimekuwa masoko ana haki yake, ila lawama aipeleke kwa waliopangisha nafasi ile, si kwa aliyeichora wala kwa msafiri aliyeinua macho.