Chuma hicho mwanangu, siyo plastiki

Aisee nyie mnaosema nyumba ya zamani ndo nyumba, sijui kuta nene, milango ya mninga, kiwanja cha kuchezea mpira, mi sibishi, ila kabla hujatoa hela yako fungua koki. Zote. Mi nilifungua moja tu, ya nje, tena ikakohoa hewa basi, dalali akaniambia "leo siyo siku yetu ya mgao bosi" nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua mambo.

Nilihamia Dodoma 2017 na wenzangu wa ofisini, nikapanga Nkuhungu weee mpaka nikachoka kila mwaka kodi inapanda, ndo nikapata hii nyumba maeneo ya Kikuyu. Mzee aliyeniuzia anasema aliijenga 1976. Yaani serikali ilitangaza 1973 kwamba makao makuu yanakuja Dodoma, mzee akaamini hapohapo akaanza kufyatua tofali, sisi wengine tumekuja miaka arobaini na kitu baadaye tunakuta kutu imeshahamia kitambo. Siku ya kunionyesha nyumba alikuwa na fimbo yake, akagonga bomba linalopanda ukutani, ngo ngo ngo. "Unasikia? Chuma hicho mwanangu, siyo plastiki zenu za siku hizi." Nikasikia. Nikalipa.

Wiki ya kwanza maji yalivyokuja tu mke wangu akaniita jikoni, akaniuliza nani kamwaga chai kwenye sinki. Hamna aliyemwaga chai. Koki ndo ilikuwa inatoa chai. Tukaambiana yatasafika yenyewe, na kweli baada ya dakika kumi yakaanza kung'aa, mke wangu akaona poa akaloweka mashati yangu meupe matatu, asubuhi tunayakuta yana rangi ya kaki kabisa. Nilivaa moja hivyohivyo, jamaa mmoja ofisini akaniuliza nimejiunga na skauti lini.

Halafu presha. Presha hamna kabisa. Maji yenyewe ya huku mnayajua, birika likikaa miezi miwili lina magamba meupe ndani, sasa na kwenye bomba ni hivyohivyo ongeza na kutu. Nikaita fundi bomba, akagonga hapa, akasikiliza pale kama daktari, akasema zile bomba za chuma zinakuwa zimepakwa zinki, zinki ikishaliwa kutu inaota kwa ndani, bomba la nusu inchi unakuta limebaki na tundu la kuingiza njiti ya kiberiti, kwa hiyo dawa ni kutoa zote tupitishe PPR, yaani bomba za plastiki. Nikamwuliza zote kivipi, akaonyesha kuta nne za nyumba yangu. Nikaona huyu ananipiga mchana kweupe. Nikamlipa nauli ya boda akaondoka.

Sasa mama mkwe akaja kutoka Mpwapwa. Mke wangu alishamtangazia kwa simu kwamba tumenunua nyumba ina shawa, mama asihangaike tena na ndoo. Tukasalimiana Kigogo, mbukwenyi mama, mbukwenyi, tukala, usiku maji ya mgao yakaja, mama akaingia bafuni. Dakika tano nasikia anaita binti yake kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, hii shawa yenu inalia machozi?" Akatoka kajifunga kanga mbili, povu mpaka kwenye masikio, akapita zake chumbani kusubiri.

Jamani mwanaume gani atakaa kwenye kochi mama mkwe anakaukiwa na povu chumbani? Nikaenda kuazima pipe range, ile spana kubwa ya mabomba, kwa jirani mwendesha lori. Mpango wangu ulikuwa mdogo sana, nifungue elbo ya shawa, kile kiungo cha kona, nizibue uchafu, nirudishe, nisifiwe. Elbo haikusogea. Nikaning'inia, haikusogea. Nikakumbuka nimewahi kuona mafundi wanachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, nikachomeka, nikavuta kwa nguvu za ukoo mzima, ikasogea! Nikafurahi kama sekunde moja hivi. Kumbe siyo elbo iliyozunguka, ni bomba lenyewe ndani ya ukuta, likakatikia kwenye nati na maji yakanipiga kifuani nikakaa chini.

Presha niliyoitafuta miezi minne ndo ile. Ilikuwepo siku zote, ilikuwa inasubiri tundu la maana.

Nikaziba kwa kiganja, yakatokea pembeni. Nikaziba kwa taulo, taulo likarudi usoni. Mke wangu anapiga kelele "zima kule nje!", nikakimbia kwenye mita, get valvu, koki ya pale, nikaizungusha kulia, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, mpaka kesho ingezunguka, spindo, kile chuma cha kati kinachofunga, ilishakatika zamani, maji hayana habari na mimi. Ikabidi nimpigie mzee aliyeniuzia, saa tatu usiku.

"Shikamoo mzee, koki ya kufungia maji ya ndani iko wapi?"

"Marahaba. Hiyo ipo mwanangu, nilifukia mwenyewe. Hesabu hatua saba kutoka kwenye mpera."

"Mpera upi mzee?"

"Aaah, ule tuliukata 2003 binti yangu anaolewa, ulikuwa unazuia turubai."

"Sasa nahesabu kutoka wapi?"

"Si kutoka pale ulipokuwa mpera." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Ila zilikuwa hatua za ujana."

Naingia ndani kuchukua jembe, nakuta mama mkwe yupo mlango wa bafu na ndoo, anakinga. Ikajaa, akaibeba, akaniambia kwa heshima zote, "Sasa ndo maji haya baba," akaenda kuogea uani kwenye giza. Maji yalishafika barazani, yanatoka getini yanatafuta mtaro, na mtaa mzima ukaamka. Mama mmoja akachungulia na madumu mawili, "Mmechimba kisima jirani?" Sikujibu kitu, nyuma yake wakaja wengine, wakapanga foleni sebuleni kwangu, na wana nidhamu kweli, wanavua ndala mlangoni wanaingia na miguu ya matope. Mi nipo nje nachimba na tochi ya simu, nimezungukwa na washauri, huyu anasema kushoto, yule anasema mpera anaukumbuka ulikuwa pale kwenye banda la kuku. Tukahamisha kuku. Koki ikaonekana, imegeuka jiwe, spana ikiigusa inamomonyoka.

Aliyetuokoa ni yuleyule fundi niliyeona ananipiga. Alikuja na boda, hakusema neno, akabomoa tofali mbili za bafu, akatoa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu akaufunga kwenye bomba huku anauvuta, mara nyingi mpaka maji yakabaki yananung'unika tu. Tyubu ya baiskeli! Halafu ndo akaniangalia. "Bosi, zile kuta nne nianze na upi?"

Akaanza na wote. Wiki nzima nyumba ina mitaro kama panya buku wamefanya mkutano. Kwenye maungio tulikuta bado katani zilizopakwa rangi, maana enzi hizo ndo walizibia nati. Kipande cha jikoni nilikiweka jichoni kama darubini sikuona upande wa pili. Fundi akasema kuna sehemu chuma kilishaisha zamani, kutu peke yake ndo imeshika maji, na mi nikaenda kuinyonga. PPR zikaingia, zinachomwa kwa kamashine kama pasi, leo ukifungua shawa inabidi ushike ukuta.

Mabomba ya zamani nikarundika nje, akapita kijana wa chuma chakavu na mkokoteni. Akanyanyua moja, akaligonga chini, likamwaga kutu nusu ndoo, akaniangalia. "Bosi mi nanunua chuma, siyo udongo."

Nikachukua jingine, nikaligonga kwa fimbo, ngo ngo ngo. "Unasikia? Chuma hicho mwanangu, siyo plastiki zenu za siku hizi."

Akasikia. Akanipa 14,000.