Kalkuleta ya zamani si pambo, izungushe

Kuna watu wanakusanya hizi kalkuleta za zamani, zile za chuma za kuzungusha kwa mkono, wanazipolishi mpaka zinang'aa halafu wanazifungia kwenye kabati la vioo, ukinyoosha kidole tu unaambiwa usiguse. Mi naona hapo ndo wanaziua.

Mimi ninayo Odhner moja, niliipata kwa muuza skrepa ikiwa imekwama kabisa. Na wala haikuwa mbovu, ilikaa tu miaka bila kuguswa grisi ikaganda kama gundi. Nikachukua mafuta ya cherehani nikawa natia tone moja moja, kila siku naujaribu mpini kidogo bila kulazimisha, maana ukilazimisha unavunja jino na spea huzipati. Siku ya tano ukazunguka. Jamani ule mlio! Nilimwita mama watoto aje asikie.

Ndani kuna magurudumu ambayo meno yake yanachomoza kwa idadi unayopanga, ukipanga 7 yanatoka meno 7, ndo mashine ambayo Willgodt Odhner, Msweden, aliibuni St. Petersburg miaka ya 1870. Sasa chukua 37 mara 24. Unapanga 37, unazungusha mara 4, unasogeza kile kisanduku cha chini hatua moja, unazungusha mara 2, basi, kwenye vidirisha inatokea 888. Kugawanya ndo kutamu zaidi, unazungusha kinyume yaani unatoa, unatoa, mpaka kengele inalia ting, ujue umepitiliza, unarudisha mzunguko mmoja unasogeza unaendelea. Mwanangu alikuwa anakariri tu kugawanya, ile kengele ndo ikamfanya aelewe kumbe ni kutoa mara nyingi. Kwenye kabati angejifunza nini?

Mtaniambia Curta ni habari nyingine, na kweli, kile kimashine cha kuenea kiganjani Curt Herzstark alikichora akiwa mfungwa kambi ya Wanazi ya Buchenwald, Vita Kuu ya Pili ilipoisha kikaja kutengenezwa Liechtenstein mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kina mamia ya vipande vidogo vidogo, kwa hiyo usikifungue, wengi wamefungua wakashindwa kurudishia. Lakini kuzungusha si kufungua! Kizungushe, hata mara chache kwa wiki.

Yangu iko mezani, mahesabu ya duka kila Jumamosi napigia humo, na usiku naifunika kitambaa isiingie vumbi.